Kinundu kwenye ngozi: wakati gani wa kumwona daktari

Karibu kila mtu mzima ana kitu kilichotuna mahali fulani mwilini mwake: kinundu laini mgongoni, chunjua kidoleni, kovu lililonenepa nyuma ya sikio, au kipele kilichokataa kuondoka shavuni. Vingi kati ya hivyo havina madhara, na mwenye navyo huzeeka navyo bila kusumbuliwa hata siku moja. Vichache ni dalili ya maradhi ambayo yakigunduliwa mapema hutibika, na yakichelewa humtoa mtu mguu, sura au uhai. Tabu ni kwamba, kwa macho ya kawaida, vya aina hizo mbili hufanana.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi nje ya Afrika Mashariki, tabu hiyo huongezeka. Daktari wa London au wa Minneapolis huenda hajapata kumwona hata mgonjwa mmoja mwenye funza. Picha zilizomo katika vitabu vingi alivyosomea ni za ngozi nyeupe, ambapo uvimbe wenye vijidudu huonekana mwekundu kama pilipili. Na mgonjwa mwenyewe huenda amekua akisikia kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya wazungu. Pande zote mbili zina pengo, na katikati ya mapengo hayo ndipo watu wanapochelewa.

Maumivu si kipimo

Kosa linalofanyika mara nyingi zaidi kuliko mengine yote ni kuyapima maradhi kwa maumivu. Mtu husema, "hakiniumi", akakiacha. Ukweli unaelekea upande wa pili. Jipu huuma sana, humnyima mtu usingizi, na kwa kawaida huisha katika wiki moja au mbili. Saratani ya ngozi mara nyingi haiumi mwanzoni. Kifua kikuu kinachoshika tezi za shingo huanza kimyakimya. Uvimbe wa saratani unaoota ndani ya nyama ya paja unaweza kufikia ukubwa wa embe bila mwenyewe kuhisi kitu zaidi ya uzito.

Mfano ulio wazi kabisa unatoka Uganda. Mwaka 1897 daktari mmisionari Albert Cook, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mengo mjini Kampala, aliandika habari za wagonjwa wenye vidonda vikubwa vya ajabu. Katika miaka ya 1960 maradhi hayo yalionekana kwa wingi katika eneo la Buruli, karibu na mto Nile, na ndilo jina yalilobaki nalo. Kidonda cha Buruli huanza kama kinundu kidogo chini ya ngozi, kigumu, kisichouma. Bakteria anayekisababisha hutoa sumu inayoua nyama na wakati huohuo kuzima hisia za maumivu. Kwa hiyo mtoto huendelea kucheza huku mguu wake ukiliwa kutoka ndani, na wazazi hushtuka ngozi inapopasuka. Maradhi haya yapo pia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, nchi kadhaa za Afrika Magharibi, na hata katika jimbo la Victoria nchini Australia. Kikiwa bado ni kinundu, hutibiwa kwa dawa mbili za kuua bakteria zinazonywewa kwa wiki 8. Kikichelewa, mgonjwa huhitaji kupandikizwa ngozi, na pengine hubaki na kiungo kilichokakamaa.

Kinachofaa kuulizwa, basi, ni mambo mengine: Je, kinakua? Kimebadilika? Kina muda gani? Ni kigumu au laini, kinacheza chini ya kidole au kimeganda? Je, kuna kitu kingine mwilini kilichobadilika pamoja nacho?

Vinundu vya kawaida

Uvimbe wa mafuta, ambao madaktari huuita lipoma, ni miongoni mwa vile vinavyoonekana sana. Huota chini ya ngozi, mabegani, mgongoni, mikononi au mapajani. Ni laini kama donge la unga uliokandwa, huteleza ukisukumwa kwa kidole, na hukua polepole kwa miaka. Hauna haja ya kuondolewa, isipokuwa unamkera mwenyewe au unabana mshipa. Lakini uvimbe wa namna hiyo unapopita upana wa sentimita 5, yaani karibu na urefu wa yai la kuku, au unapoanza kukua kwa haraka, au unapokuwa ndani ya nyama badala ya chini tu ya ngozi, haufai tena kuitwa lipoma kwa kukisia. Unahitaji kupigwa picha, kwani saratani adimu ya nyama na mafuta, sakoma, huanza kwa sura hiyohiyo. Vilevile uvimbe uliokatwa ukarudi palepale haustahili kukatwa mara ya pili kabla haujapimwa maabara.

Kifuko cha ngozi ni kitu kingine. Hiki huwa kigumu kidogo, cha mviringo, mara nyingi usoni, shingoni, kichwani au mgongoni, na ukikitazama vizuri utaona tundu dogo jeusi katikati yake. Ndani yake mna uji mzito wenye harufu mbaya. Watu wengi hukikamua, nacho hujaa tena baada ya muda, kwa sababu ganda lake limebaki ndani. Kukikamua huku kukiwa kimevimba ndiko kunakokigeuza kuwa jipu.

Keloidi ni kovu lililopitiliza mipaka ya jeraha lake. Watu weusi hulipata zaidi kuliko wengine: baada ya kutoga masikio, chanjo, upasuaji, chunusi za kifuani au kunyoa kisogo kwa wembe. Huwasha na huuma, lakini si saratani na haligeuki kuwa saratani. Tahadhari yake ni nyingine kabisa. Keloidi likikatwa tu bila matibabu ya ziada, mara nyingi hurudi kubwa kuliko lilivyokuwa. Daktari bingwa wa ngozi hulichoma sindano za dawa ndani yake kwa vipindi, au hulikata na kufuatisha tiba nyingine. Mwenye historia ya keloidi anapaswa kumwambia daktari yeyote anayetaka kumpasua, hata kama ni kwa jambo dogo.

Watoto wana vyao. Vipele vidogo vinavyong'aa, vyenye kibonyeo katikati kama kitovu, husababishwa na virusi na huondoka vyenyewe, ingawa vinaweza kuchukua mwaka au zaidi. Chunjua nazo husababishwa na virusi, na nyingi huisha bila dawa. Kwa upande mwingine, donge laini lenye usaha kichwani mwa mtoto, na nywele zinazong'oka kwa urahisi, si lazima liwe jipu. Huenda likawa ni mapunye, au choa, yaliyochachamaa. Kulipasua hakusaidii na kunaweza kuacha kipara cha kudumu. Mtoto huyo anahitaji vidonge vya kuua kuvu, na hupaswa kuonwa haraka kabla mashina ya nywele hayajafa.

Jipu linapokuwa hatari

Jipu la kawaida hutibiwa nyumbani kwa kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya moto ya kiasi cha kuvumilika. Huwekwa juu yake kwa dakika 10 hivi, mara 3 au 4 kwa siku, hadi litumbuke lenyewe. Kulibana kwa kucha husukuma usaha ndani. Jambo hili ni la hatari zaidi usoni, katika eneo linaloanzia juu ya pua hadi kwenye pembe mbili za mdomo, kwa kuwa mishipa ya damu ya hapo imeungana na ile iliyo nyuma ya macho na chini ya ubongo.

Jipu linahitaji daktari linapomtia mtu homa au baridi, linapokuwa usoni au kwenye uti wa mgongo, linapozidi wiki 2, yanapokuwa mengi kwa pamoja, au linapompata mtoto mchanga au mwenye kinga dhaifu. Mwenye kisukari asingoje hata hizo wiki 2. Majipu yanayorudiarudia kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa sukari ni sababu tosha ya kumpima. Wapo wengi waliojua kwamba wana kisukari kwa njia hiyo, na katika nchi za Ghuba, ambako maradhi hayo yameenea sana, daktari huuliza habari ya sukari kabla ya kitu kingine chochote.

Wekundu unaosambaa kuzunguka jipu, ambao vitabu huutaja kama ishara ya hatari, hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Hapo ngozi huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, au hung'aa kwa kutanuka. Njia nzuri ni kuigusa kwa mgongo wa kiganja na kulinganisha joto lake na la upande wa pili wa mwili, kisha kuchora mpaka wa uvimbe kwa kalamu. Ukivuka mstari baada ya saa chache, ni safari ya hospitali. Na ikiwa maumivu ni makali kupita kiasi kuliko kile kinachoonekana kwa macho, huku mgonjwa akiwa na homa na kuchanganyikiwa, isingojwe asubuhi. Kuna maambukizi adimu yanayoua nyama chini ya ngozi kwa saa, si kwa siku.

Yapo pia majipu ya kwapani na kinenani yanayorudi kila mwezi na kuacha makovu na mitaro chini ya ngozi. Waliyo nayo hudhaniwa wachafu, wakanunua sabuni baada ya sabuni. Haya ni maradhi sugu ya vinyweleo, hayaambukizi, na hayaletwi na uchafu. Wagonjwa wengi hukaa nayo miaka mingi kwa aibu kabla ya kuambiwa jina lake, na ilhali dawa zake zipo.

Unyayo, kiganja na ukucha

Mwaka 1977 mwanamuziki wa Jamaica Bob Marley alikuwa na jeraha chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira wa miguu, mchezo alioupenda. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni melanoma, saratani inayoanzia katika chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1980, aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki dunia mjini Miami akiwa na umri wa miaka 36, baada ya maradhi kumsambaa mwilini.

Kisa hicho kinajulikana sana, lakini funzo lake la kitabibu halijulikani kwa kiasi hichohicho. Ni kweli kwamba melanoma huwapata watu weupe mara nyingi zaidi. Lakini ile inayowapata watu weusi kwa kawaida huota mahali ambapo rangi nyeusi haikingi chochote na jua halihusiki sana: nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Kwa kuwa hakuna anayeitarajia, hufikishwa kwa daktari ikiwa imekwisha kuzama, na ndiyo maana watu weusi wanaoipata hufa kwa wingi zaidi.

Mstari mweusi kwenye ukucha peke yake si jambo la kutisha. Watu weusi wengi wana mistari ya namna hiyo kwenye kucha kadhaa, na huongezeka kadiri wanavyozeeka. Unaotia shaka ni ule ulio kwenye ukucha mmoja tu, hasa wa gumba, unaopanuka kupita milimita 3, wenye rangi zisizolingana, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia katika ngozi inayouzunguka. Damu iliyovilia baada ya kugongwa husogea mbele pamoja na ukucha unapokua. Rangi ya melanoma haisogei. Unyayoni, doa jeusi linalotanuka, au kidonda kinachodhaniwa sugu lakini hakiponi, kinastahili kutazamwa hata kama mtu anatembea vizuri.

Kuhusu madoa ya kuzaliwa na mengine meusi mwilini, madaktari wa New York walitoa mwaka 1985 kanuni ya mambo manne, na mwaka 2004 ikaongezwa la tano. Doa hutiliwa shaka ikiwa nusu yake moja haifanani na ya pili, kingo zake zimechongoka ovyo, lina rangi zaidi ya moja, upana wake unazidi milimita 6, au linabadilika. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Kanuni yenyewe haikamati kila kitu: ipo melanoma inayoinuka kama kipele cha mviringo, kigumu, cha rangi moja, na wakati mwingine hata isiyo nyeusi. Kipele kigumu kilichoinuka na kinachoendelea kukua kwa zaidi ya mwezi mmoja kisipimwe kwa kanuni. Kipelekwe kwa daktari.

Jua, makovu na vidonda vya zamani

Hakuna wanaolipa gharama ya jua kama watu wenye ualbino. Ngozi yao haina kinga ya rangi, na saratani inaweza kuwaanza wakiwa bado vijana wadogo, hasa usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Huanza kama gamba gumu, kipele kinachotoa damu kikiguswa, au kidonda kinachofunga na kufumuka tena. Mjini Moshi, nchini Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC kimefanya kazi kubwa ya kuwachunguza watu hawa na kuwaondolea vidonda kabla havijawa saratani. Mwenye ualbino aliyehamia nchi ya baridi asidhani amesalimika. Madhara ya jua la utotoni yamo ngozini mwake, na uchunguzi wa mara kwa mara bado unamhusu.

Kwa watu weusi wasio na ualbino, saratani ya aina hiyo mara nyingi haifuati jua, bali hufuata jeraha la zamani: kovu la kuungua moto, kidonda cha mguu kilichodumu miaka, mfupa uliokuwa ukitoa usaha. Kovu lililotulia miaka 20 likianza kuota nyama, kuvuja damu au kutoa harufu, huo si mwamko wa kidonda cha zamani tu. Kwa jumla, kidonda chochote kisichopona katika wiki 4 kinahitaji jicho la daktari.

Tezi zilizovimba

Vinundu vya shingoni, kwapani na kinenani mara nyingi si vya ngozi bali ni tezi za limfu. Mtoki unaotokea kwa sababu ya kidonda cha mguuni, au tezi za shingo wakati wa mafua na maumivu ya koo, huuma, kisha hunywea katika wiki moja au mbili. Wasiwasi uanze pale tezi zinapozidi wiki 2 bila kupungua, zinapokuwa ngumu au kugandamana, au zinapotokea juu ya mfupa wa mtulinga. Homa zisizoeleweka, jasho la usiku linalolowesha shuka na kupungua uzito huongeza uzito wa jambo. Sababu inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ambacho huweza kulala mwilini miaka mingi na kujitokeza mtu akiwa ameshahamia Leicester au Toronto, au saratani ya tezi. Kukosa kikohozi hakumaanishi kukosa kifua kikuu.

Mtoto anayevimba taya anahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe wa mataya. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya saratani ambayo leo ina jina lake, na mwaka 1961 alifunga safari ndefu ya gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika ili kujua inapatikana wapi. Uvimbe huo unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Lakini pia ni kati ya saratani zinazoitikia dawa vizuri sana, endapo mtoto atafikishwa kwa wakati.

Uvimbe wa kinenani au kitovuni unaoingia ndani mtu anapolala na kutoka anapokohoa ni ngiri, si tezi. Ukikwama nje, ukawa mgumu na kuuma, huku mgonjwa akitapika, ni dharura ya upasuaji. Na donge lolote la titi, kwa mwanamke au mwanamume, lipimwe bila kusubiri.

Kuna vinundu vya rangi ya zambarau au vyeusi, visivyowasha wala kuuma, vinavyotokea miguuni, usoni au ndani ya mdomo. Hivi vinaweza kuwa saratani ya Kaposi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1872 na daktari Moritz Kaposi, na ambayo virusi vyake vilijulikana mwaka 1994. Afrika ya Kati na Mashariki iliijua kabla ya UKIMWI, lakini ilienea sana pamoja nao. Mtu anayevipata hupimwa virusi vya UKIMWI, na akikutwa navyo, mara nyingi vinundu hupungua kwa dawa za kufubaza virusi.

Aliyerudi kutoka nyumbani

Mtu aliyerejea Uingereza au Dubai baada ya likizo ya Afrika Mashariki anaweza kuona majipu mawili matatu mgongoni au kiunoni, kila moja likiwa na tundu dogo linalovuja maji, na akahisi kitu kinatikisika ndani. Kinatikisika kweli. Yuko nzi anayetaga mayai juu ya mchanga na juu ya nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje. Mabuu hupenya ngozini nguo zinapovaliwa na hukua humo kwa muda wa siku 8 hadi 12. Tundu likizibwa kwa mafuta mazito, buu hukosa hewa na kujitokeza. Dawa za kuua bakteria hazimwondoi. Mama zetu walipiga pasi hata nguo za ndani si kwa urembo: moto wa pasi ndio unaoua mayai hayo.

Funza wa miguuni, kitundu cheusi katikati ya kinundu cheupe karibu na ukucha, hujulikana na kila mtu aliyekulia kijijini, lakini daktari wa ugenini anaweza kumdhania chunjua. Kwa waliopita Saudi Arabia, Iraq au Syria, kipele kisichouma kilichogeuka kidonda chenye kingo zilizoinuka na kudumu miezi kinaweza kuwa lishimania, inayoletwa na usubi. Katika hali zote hizi, sentensi moja ya mgonjwa, "nilikuwa mahali fulani mwezi fulani", humsaidia daktari kuliko vipimo vingi.

Hofu ya kisu

Imani kwamba saratani "ikiguswa na kisu husambaa" imewaua watu wengi, na mtu anaelewa ilikotoka: jirani alipelekwa hospitali, akakatwa, akafa baada ya miezi michache. Lakini jirani huyo alifikishwa maradhi yakiwa yamekwisha kusambaa. Kisu kilikuta kazi imefanyika. Wanaopoteza muda kwa kuchanja kwa wembe, kuchoma kwa majani makali au kufunga kinundu kwa unywele hujiongezea maambukizi, na huharibu sura ya kinundu ambayo daktari alihitaji kuiona. Mafuta ya mkorogo nayo yasipakwe. Mengi yana dawa kali zinazotuliza uvimbe kwa siku chache, huku zikilea kuvu na kuleta chunusi zaidi.

Anachofanya daktari si kigumu. Huuliza, hugusa, hupima kwa rula, na hutazama kwa kioo cha kukuzia chenye taa. Vinundu vingi huishia hapo. Vilivyo chini ya ngozi hupigwa picha ya mawimbi ya sauti. Ikiwa bado kuna shaka, mahali hapo hupigwa ganzi, hukatwa kipande kidogo, na hupelekwa maabara. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kila kinachokatwa kinapaswa kupimwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kimepelekwa na majibu yatatoka lini.

Nchini England, kujiandikisha kwa daktari wa familia na kuonana naye ni bure, bila kujali hati za uhamiaji, ingawa matibabu mengine ya hospitali yanaweza kutozwa kwa asiye na makazi ya kudumu. Akishuku saratani, humpeleka mgonjwa kwa njia ya haraka, na lengo lililowekwa ni mgonjwa kuambiwa anayo au hana ndani ya siku 28. Nchini Marekani, asiye na bima anaweza kwenda kwenye vituo vya afya vya jamii ambavyo hutoza kulingana na kipato. Anayeona haya kuvua nguo mbele ya daktari wa jinsia nyingine anaweza kuomba wa jinsia yake wakati wa kupanga miadi. Kabla ya siku hiyo, ni vyema kukipiga picha kinundu kwa simu kikiwa na sarafu pembeni yake ya kulinganishia, mara moja kwa wiki, kwenye mwanga uleule. Daktari anapouliza kama kimekua, picha tatu zenye tarehe humjibu.